Ndege imejaa, kampuni imefilisika: inakuwaje?

Kila kampuni ya ndege inapopunguza safari za Kigoma au Tabora, maneno ya vijiweni huwa yaleyale. Mmoja atasema wamefanyiwa figisu. Mwingine atasema ndege zao zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye pekee aliyewahi kuzipanda, atauliza swali linalowanyamazisha wenzake: "Sasa mbona mimi nilikuta viti vyote vina watu, na nauli nililipa laki nne?"

Huyo wa tatu ndiye tunayemjibu leo, kwa sababu swali lake lina mantiki. Duka likijaa wateja hatutarajii lifungwe. Kwenye usafiri wa anga mambo hayaendi hivyo. Kampuni ndogo inaweza kuuza tiketi zote na bado ikafa, na mara nyingi kinachoiua ni gharama ambazo hazijali kama siku hiyo ndege imeruka au imelala uwanjani.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kampuni ya aina gani. Ni ile yenye ndege chache, pengine mbili, pengine sita, inayounganisha miji ya mikoani na kitovu kama Dar es Salaam, Mwanza au Arusha. Ndege zake nyingi ni za pangaboi, yaani zinazosukumwa na mapanga yanayozunguka mbele ya injini. Kuna Cessna Caravan yenye injini moja, inayobeba abiria kumi na wawili hivi. Kuna ATR 42 na Dash 8 Q300, zenye viti vinavyokaribia au kufikia 50, na kuna Dash 8 Q400 yenye viti 76. Wengi wetu tukiona pangaboi tunadhani ni ndege ya zamani. Siyo. Q400 ni chombo cha kisasa. Pangaboi huchaguliwa kwa sababu linakula mafuta kidogo kwenye safari fupi na linaweza kutumia njia fupi ya kurukia, ambayo jeti kubwa isingeiweza.

Kwa nini kampuni kama hizo hazikosi kuitamani magharibi ya nchi? Tazama ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya kati ni kama kilomita 1,250, njia ileile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa anga ni takriban kilomita 1,080, na ndege ya pangaboi inayokwenda moja kwa moja hutumia saa mbili na kitu. Aliyewahi kulala ndani ya treni akisubiri behewa lililoacha reli liinuliwe hahitaji tangazo la biashara. Wapo watumishi wanaoitwa vikaoni Dodoma, wafanyabiashara wa Kigoma wenye bidhaa zinazovuka ziwa kwenda Kongo na Burundi, wanunuzi wa tumbaku wa Tabora, wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi, wagonjwa wenye rufaa, na watalii wachache wa Gombe na Mahale. Soko lipo, ila ni jembamba, na sehemu yake kubwa inategemea bajeti za watu wengine. Shirika moja likikatiwa fedha na wafadhili, viti kadhaa kwa wiki vinapotea bila mtu yeyote kugombana na kampuni ya ndege.

Hesabu ya mwenye chombo

Kijana anayeendesha bodaboda ya mtu anaijua biashara ya ndege kuliko anavyodhani. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni. Mvua ikinyesha kutwa nzima, hesabu ipo. Pikipiki ikilala kwa fundi, hesabu ipo. Kampuni ndogo za ndege, kwa sehemu kubwa, nazo ziko kwenye hesabu: ndege si yao, wamekodi, au wameinunua kwa mkopo na mwenye mali halisi ni benki. Kila mwezi kodi inadaiwa. Juu ya kodi kuna bima. Juu ya bima kuna mishahara ya marubani na mafundi wenye leseni, watu ambao huwezi kuwaambia wakae nyumbani bila malipo mpaka biashara ichangamke, kwani wataajiriwa Nairobi au Doha kabla hujamaliza sentensi. Na mwenye ndege huweza kudai pia akiba ya matengenezo, fedha inayotengwa kwa kila saa ambayo injini imefanya kazi, ili siku ya kuifungua yote ikifika pesa iwepo.

Matengenezo hayo hayasubiri ndege iharibike. Yamepangwa kwa saa za kuruka, kwa idadi ya kutua na kwa kalenda. Siku ikifika, ndege inaingia karakana hata kama inanguruma vizuri kuliko jana. Kwa hiyo abiria anapoona ndege imesimama wiki tatu akahitimisha kuwa ni mbovu, huenda amekosea. Inayopaswa kumtia wasiwasi zaidi ni ile ambayo haionekani kusimama kabisa.

Kampuni yenye ndege ishirini ikisimamisha moja, ratiba inapunguzwa kidogo. Kampuni yenye mbili ikisimamisha moja, imepoteza nusu ya biashara, na hesabu ya ndege zote mbili inaendelea kudaiwa. Hata kubwa huumia. Mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kuziegesha ndege zake za Airbus A220 kwa sababu ya tatizo la aina ya injini lililowakumba waendeshaji wengi duniani. Shirika la serikali lilistahimili. Kampuni ya mtu binafsi yenye ndege mbili za namna hiyo isingemaliza mwaka.

Abiria wa laki nne

Sasa tumjibu yule mwenzetu wa kijiweni. Nitatumia tarakimu za kubuni, za mfano tu, kwa sababu hesabu halisi za kampuni binafsi hazibandikwi ukutani.

Tuseme ndege ina viti 50. Kwenda na kurudi kunaigharimu kampuni shilingi milioni 28, ukijumlisha mafuta, kodi ya ndege, watu, ada za kutua na kuongozwa angani. Nauli ya wastani inayobaki mkononi mwa kampuni ni 350,000. Nasema wastani kwa sababu jirani yako aliyekata tiketi miezi miwili kabla huenda alilipa 220,000, na wewe wa laki nne ndiye unayemfidia. Nasema inayobaki kwa sababu ndani ya bei ya tiketi kuna tozo ambazo kampuni inazikusanya kwa niaba ya wengine, kama ada ya huduma ya abiria ya shilingi 10,000 kwa safari za ndani.

Milioni 28 ukigawa kwa 350,000 unapata viti 80. Kwenda na kurudi vipo viti 100. Maana yake kampuni haijapata hata senti moja ya faida mpaka iuze kiti cha themanini na moja.

Desemba inafika. Kila mtu anarudi nyumbani, ndege ya kwenda Kigoma imejaa watu 50, na ukiwa ndani yake unaona biashara imenoga. Lakini ndege hiyohiyo inageuka kurudi Dar es Salaam, na wiki ya Krismasi nani anaondoka Kigoma? Watu 22. Jumla 72, mapato milioni 25.2, hasara milioni 2.8 kwa safari moja ambayo wewe uliiona imejaa. Januari mambo yanageuka: ya kutoka Kigoma haina nafasi, ya kwenda Kigoma inabeba hewa. Abiria hukaa ndani ya nusu moja ya safari, na kwa kawaida ni ile nusu ambayo kila mtu anaitaka.

Hata neno "imejaa" lenyewe lina utata. Uwanja wa Tabora uko kama mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Kigoma, pamoja na kuwa kando ya ziwa, uko zaidi ya mita 800. Kadiri unavyopanda juu na joto linavyoongezeka, hewa inakuwa nyepesi. Bawa linapata nguvu kidogo ya kuinua ndege, injini inapungukiwa, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuruka. Rubani hana uwezo wa kurefusha njia, kwa hiyo anapunguza uzito. Na kama mafuta ya kurudia hayapatikani kule aendako, au ni ghali mno, ndege inatoka nayo Dar es Salaam. Tani moja ya mafuta ni sawa na abiria kumi na mabegi yao.

Ndiyo maana kwenye kaunta za viwanja vyetu vidogo mzani ni bwana mkubwa. Mama ana begi, ndoo ya migebuka mikavu, na boksi la maharage lililozungushiwa gundi mara nne. Kijana wa kaunta anatazama mshale, anaita mwenzake, wananong'ona. "Mama, begi linakwenda na wewe. Hivi vingine vitafuata na ndege ya kesho." Mama anamtazama. "Kesho ipi, mwanangu? Hii yenyewe imekuja kwa mbinde." Nyuma ya mama wapo watu wanaosonya, na kwenye orodha viti vinne havitakaliwa na mtu, ingawa simu ya wakala imekuwa ikijibu tangu juzi kwamba ndege imejaa. Kwa mzani, kweli imejaa.

Viwanja vyenyewe vimebadilika sana. Kigoma kulikuwa na njia ya changarawe, na changarawe haina rafiki: inachokonoa pangaboi, inakula tairi, na mafundi wanalipwa kwa kila mkwaruzo. Tarehe 9 Aprili 2012 Dash 8 ya Air Tanzania ilipata ajali ikiruka uwanjani hapo. Watu wote walitoka hai, lakini ndege haikurudi kazini, na shirika wakati huo lilikuwa na ndege za kuhesabu kwa vidole. Lami imefika tangu wakati huo, na Kigoma na Tabora zimo pamoja na Shinyanga na Sumbawanga katika mradi wa upanuzi unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Lami inapunguza gharama ya tairi. Haigusi kodi ya ndege.

Nauli ya shilingi, deni la dola

Hapa ndipo penye kaburi la wengi. Mfanyabiashara wa Kigoma anayeuza Kalemie au Bujumbura hahitaji mhadhara kuhusu kununua kwa fedha moja na kuuza kwa nyingine. Abiria wa Tabora analipa kwa shilingi. Kodi ya ndege ni dola, vipuri ni dola, bima ni dola, rubani akienda kufanya mtihani kwenye mashine ya mafunzo nje ya nchi ni dola, na mafuta, ingawa unayalipia hapa, bei yake imepangwa kwa dola huko yalikotoka.

Mwaka 2012 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,580. Mwisho wa 2015 ilikuwa karibu 2,150. Kampuni iliyokodi ndege kwa dola 100,000 kwa mwezi ilianza kwa kulipa shilingi milioni 158 na ikajikuta inalipa milioni 215, ndege ileile, viti vilevile, bila mkataba kubadilika nukta. Ukipandisha nauli kwa kiasi hicho, mwalimu na mfanyabiashara mdogo wanarudi kwenye basi. Usipopandisha, unakula mtaji. Na mafuta nayo yana wazimu wake: Julai 2008 pipa la mafuta ghafi liligusa dola 147, na kampuni zilizopanga nauli kwa bei ya mwaka uliotangulia zilibaki zimeshika vichwa.

Precision Air ni mfano mzuri wa kupanda na kutikisika bila kufa. Ilianzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa safari za kukodi, hasa za watalii. Mwaka 2003 Kenya Airways ikanunua asilimia 49. Ikaingiza ATR mpya kwa mikopo, ikauza hisa kwa wananchi mwaka 2011 na kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ikajaribu na Boeing 737 za kukodi. Kisha madeni ya dola yakaanza kuuma, jeti zikaondoka, ratiba ikakatwa. Imebaki hai kwa kurudi kwenye pangaboi, yaani kwenye kazi iliyoijua tangu mwanzo. Naona hapo kuna jambo: kampuni nyingi ndogo huanza kuyumba siku zinapotaka kuwa kubwa. Jeti inapendeza kwenye picha za uzinduzi.

Kuna na pesa ya tiketi. Ukikata leo tiketi ya Desemba, umeikopesha kampuni. Pesa yako haikai kwenye kibubu ikisubiri Desemba. Inanunua mafuta ya wiki hii. Mambo yakiwa mazuri hakuna tatizo, abiria wapya wanakuja na gurudumu linazunguka. Mambo yakiwa mabaya, kampuni inapunguza bei za miezi ya mbele ili ipate fedha za leo. Hapo tena uvumi unatosha kuiangusha. Mawakala wanasita kuuza, muuza mafuta anataka taslimu kabla ya kufungua bomba, mwenye ndege anatuma barua ya kuirudisha ndege yake, na yote yanatokea ndani ya siku chache. Kwa mtu wa nje inaonekana kampuni ilikuwa nzima Jumatatu na ikauawa Ijumaa. Ilikuwa mgonjwa mwaka mzima.

Figisu je?

Swali la figisu lisidharauliwe, lakini kwanza tutenganishe karatasi mbili ambazo watu huzichanganya. Ipo leseni ya biashara ya usafiri wa anga, inayokuruhusu kuuza safari. Kwa hii mamlaka inatazama uwezo wako wa fedha na mpango wako. Ipo na cheti cha uendeshaji, kinachothibitisha kwamba una ndege, mafundi, marubani na taratibu za kurusha watu salama. Kwa Tanzania zote mbili ziko mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ukipoteza yoyote kati yake, huruki.

Air Tanzania yenyewe, shirika la serikali, ilinyang'anywa cheti Desemba 2008 kwa muda. Kwa hiyo si kweli kwamba karatasi hizo huwagusa wa binafsi pekee. Upande wa Uganda lilitokea jambo gumu zaidi. Air Uganda, iliyoanza mwaka 2007 na kufika mpaka Dar es Salaam na Kilimanjaro, ilipoteza cheti Juni 2014 baada ya wakaguzi wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, kukuta kasoro kwenye usimamizi wa mamlaka ya nchi hiyo. Mkaguliwa alikuwa mamlaka, aliyekaa chini ni kampuni. Ilisema inasimama kwa muda, haikuruka tena.

Fastjet tunaikumbuka sote. Ilianza Tanzania Novemba 2012 kwa kwenda Mwanza na Kilimanjaro, ikitumia Airbus A319 na nauli zilizowapandisha ndege watu ambao hawakuwahi kuifikiria. Desemba 2018 TCAA ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifungia, ikitaja madeni na kukosa ndege. Wapo walioapa kwamba imezibwa pumzi ili Air Tanzania ipate nafasi. Mimi nasema hivi: kampuni yenye madeni na isiyo na ndege haihitaji adui. Lakini pia sitadai kwamba uwanja ulikuwa sawa. Kuanzia Septemba 2016, zilipowasili Q400 mbili za kwanza, ndege za Air Tanzania zilinunuliwa na serikali na kukodishwa kwa shirika kupitia Wakala wa Ndege za Serikali. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ilionyesha shirika hilo limepata hasara ya shilingi bilioni 35.24 mwaka wa fedha 2021/22, na bilioni 56.64 mwaka 2022/23. Kampuni binafsi ingekuwa imeuzwa vipande. Huwezi kushindana kwa nauli na mtu ambaye hasara haimfungi.

Kwa mtu wa Kigoma, hata hivyo, hasara hiyo ina sura ya pili, kwani hiyo ndiyo inayofanya ndege iendelee kuja miezi ambayo viti havijai. Mlipa kodi wa Mtwara anamchangia abiria wa Ujiji, na abiria wa Ujiji atamchangia wa Mtwara. Serikali inaweza kuamua hivyo, ni haki yake. Ningependa tu isemwe waziwazi kwamba ni ruzuku, ijulikane ni kiasi gani kwa kila njia, badala ya kila mwaka kutushangaza pamoja na ripoti ya CAG. Ikijulikana, huenda hata kampuni ndogo yenye Caravan mbili ikaweza kuomba ruzuku hiyohiyo kwa njia ya Tabora na kuihudumia kwa gharama ndogo zaidi.

Na pesa yako kampuni ikianguka? Kisheria, mfilisi akiingia, wenye dhamana hulipwa kutoka kwenye mali waliyowekewa, na mwenye ndege anachukua ndege yake kwa sababu haikuwa ya kampuni kamwe. Aliyeshika tiketi tupu yuko nyuma kabisa ya foleni. Ni bora kudai mapema, wakati kampuni bado ina ofisi na mtu wa kupokea barua. Ujumbe wa malipo ya simu usiufute, namba ya tiketi iandike mahali pengine pia, na kama kampuni inakuzungusha, TCAA ina baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga linalopokea malalamiko. Wakala aliyekuuzia tiketi naye anahusika: kama alichukua ada yake juu ya nauli, mdai stakabadhi yenye jina lake.